Noti Ambayo Haijawahi Kununua Kitu

Kwa mkusanyaji wa noti, noti bora kuliko zote ni ile ambayo haijawahi kununua kitu. Ilitoka kiwandani, ikapita benki, ikaingia kwenye mfuko wa plastiki, basi. Haijashikwa na mkono uliotoka kupaa samaki, haijalala kwenye pindo la khanga, haijanyakuliwa na konda mwenye haraka. Ukiikunja mara moja tu katikati, bei inashuka. Ukiikunja mara mbili, inashuka tena. Kona zikiviringika, au mtu akiwa ameandika namba ya simu pembeni, hapo mnazungumzia kitu kingine kabisa.

Haya nilielezwa Januari 2025 na mzee mmoja wa Kariakoo ambaye amekusanya noti za nchi hii tangu ujana wake. Nilikwenda kwake kwa ajili ya makala ya gazeti, lakini kwenye mkoba nilikuwa na bahasha yenye noti sita, za mfano tu, kutoka kwenye kopo la bibi yangu wa Katandala, Sumbawanga. Aliziangalia moja moja, mbele na nyuma, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.

"Binti yangu," akasema, "hizi zimefanya kazi."

Hakuwa anazisifia.

Kopo lenyewe ni la Blue Band, limezungushiwa nailoni, juu ya nailoni kitambaa, na linakaa kwenye sanduku chini ya nguo za kanisani. Sote tulijua kwamba lipo. Hakuna aliyejua lina kiasi gani, na hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa sababu Bibi alikwisha sema ile ni pesa ya safari, na hakuwa na maana ya safari ya basi. Babu alipofariki mwaka 1988 mbao za jeneza zilikopwa. Deni lile Bibi alililipa kwa mahindi, misimu miwili, na katika misimu hiyo miwili alisikia maneno ambayo hajayasahau mpaka leo. Akaamua kwamba yeye hatazikwa kwa mkopo. Kila mwaka baada ya kuuza mahindi, au maharage, au pombe ya ulezi aliyopika kwa ajili ya watu wa kijiji, alitoa noti moja au mbili akazitia kwenye kopo. Hakuzigusa tena. Benki hakwenda. Benki, kwa maneno yake, ni ya watu wanaolipwa mshahara.

Halafu Oktoba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Zingebadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025, kwenye ofisi za Benki Kuu na kwenye mabenki ya biashara. Baada ya hapo si fedha halali tena. Kwa mtu wa Dar es Salaam tangazo lile lilipita kama matangazo mengine. Nani ana noti ya 20? Ila ukifikiria vizuri, lilikuwa tangazo la makopo. Noti ya 1986 haipo dukani wala kwenye mashine ya benki. Kama ipo popote, ipo chini ya godoro, kwenye ukuta wa tope, ndani ya Biblia, kwenye kopo la mwanamke aliyezeeka.

Krismasi ile nilipokwenda nyumbani shangazi alikuwa ameshamwambia. Bibi akalileta kopo sebuleni mwenyewe, akalikalisha juu ya mkeka, akanitazama. "Haya, mke mwenzangu. Wewe ndiye uliyesoma. Nihesabie."

Zilikuwa noti 70. Tisa za shilingi 20, kumi na nne za 200, ishirini na mbili za 500, kumi na saba za 1,000, sita za 5,000, mbili za 10,000. Jumla shilingi 80,980. Nilirudia kuhesabu mara ya pili, si kwa sababu sikuwa na uhakika, bali kwa sababu nilihitaji muda kabla ya kuitamka namba hiyo mbele yake. Miaka 37 ya kujinyima. Kwa bei za leo haifiki hata nusu ya jeneza la kawaida.

Kabla ya kuendelea na Bibi, niseme kuhusu noti zenyewe, maana siku ile baada ya kuhesabu nilizipanga kitandani kwa mfuatano wa miaka na nikajikuta nasoma kitu ambacho sikuwahi kukisoma, ingawa nimekishika mkononi maisha yangu yote.

Noti zetu haziandikwi mwaka. Ukitaka kujua noti ni ya lini, unasoma sahihi. Kila noti ina sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, na mkusanyaji anayejua kazi yake anazijua sahihi hizo kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Edwin Mtei, kwa mfano, ameweka sahihi kwenye noti za nchi hii kwa vyeo viwili: Gavana wa kwanza Benki Kuu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966, halafu Waziri wa Fedha mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla hajajiuzulu 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mzozo wa uchumi wa nchi nzima upo pale, kwenye mkwaruzo wa kalamu wenye urefu wa kidole. Jina ambalo halipo kwenye noti hata moja ni la mchoraji. Sisi tunaosoma vitabu tumezoea kuuliza nani kaandika. Ukurasa huu, unaopita mikononi mwa watu wengi kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili, hauna mwandishi. Una wadhamini wawili.

Noti za kwanza za 1966 zilikuwa nne: 5, 10, 20 na 100, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere, mtu wa miaka 44. Kabla yake tulitumia shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, na noti zake zilibeba wafalme wa Uingereza, kisha Malkia Elizabeth. Kitu ninachokipenda mimi ni noti za katikati. Mwaka 1964 Bodi ile ilitoa noti ambazo hazina sura ya mtu. Malkia ameondoka, viongozi wetu hawajaingia, na mahali pa uso pana chombo cha tanga juu ya maji. Nchi tatu zilizokuwa zimepata uhuru ndani ya miaka mitatu zilitembea mfukoni na noti ya chombo kinachokwenda, na hakuna anayeonekana kukiendesha.

Noti kongwe kwenye kopo la Bibi ni zile tisa za 20. Mbele yupo Rais Ali Hassan Mwinyi, nyuma kuna kiwanda cha matairi. Mwinyi aliapishwa Novemba 1985 na mwaka uliofuata alikuwa kwenye noti. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 uso wake ndio ulikuwa uso wa pesa kwa mtoto wa rika langu. Kwenye zile za 200 nyuma wapo wavuvi wawili. Ile ya 1,000 aliyotokea mwaka 1990 ina mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, na mlango wa kuchonga wa benki ya Zanzibar. Kiwira ilinifanya nisimame. Ndiyo sehemu ya karibu kabisa na kwetu niliyoiona kwenye zile noti 70, nayo iko ng'ambo ya Mbeya. Ziwa Rukwa halimo. Ukingo wa Lyamba lya Mfipa haumo, wala Maporomoko ya Kalambo, wala mahindi yanayotoka kwetu kwa malori mpaka leo. Rukwa ilikuwa moja ya mikoa minne iliyotegemewa kulisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na shilingi ya Bibi ilitoka kwenye gunia. Silalamiki sana. Noti ni karatasi ndogo, nchi ni kubwa. Lakini unaona mchoraji alikuwa amekaa upande gani wa reli.

Mwaka 1997 rais akaondolewa kwenye noti akawekwa twiga. Kichwa tu na shingo, badala ya uso wa Mwinyi. Hizi ndizo noti nzuri kuliko zote nchi hii imewahi kutoa, na niko tayari kubishana na mtu. Twiga yule anakutazama kwa upole wa ajabu, kama mtu aliyesikia shida yako lakini hana cha kukusaidia. Na hakuwa mgeni. Tangu 1966 kichwa cha twiga kilikuwamo ndani ya karatasi kama alama ya maji, kile kivuli unachokiona ukiinua noti kwenye mwanga. Miaka 31 alijificha nyuma ya marais, halafu akatoka mbele. Kilichofuata ni cha kinyume. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, akarudi kwenye noti ya 1,000 mwaka 2000, na kwenye toleo lililoanza kutumika Januari 2011 ni yeye aliyeingia ndani ya karatasi. Chukua noti yoyote uliyonayo sasa hivi, hata yenye simba, uinue. Atakutokea. Alama ya maji imewekwa ili kuzuia noti bandia, najua, lakini mimi kila ninapoona kivuli kile nafikiria jinsi watu wa rika la mama yangu wanavyoendelea kupima kila jambo kwa Mwalimu, hata mambo ambayo hakuyaona.

Za 2003 ndizo zilizoleta mbuga nzima: nyati kwenye 500, simba kwenye 2,000, faru kwenye 5,000, tembo kwenye 10,000, na Mwalimu peke yake katikati ya wanyama kwenye 1,000. Msomi anaweza kusema tumejigeuza kipeperushi cha watalii, na hatakuwa amekosea sana. Ila msomi huyo hajasimama sokoni na Bibi. Bibi hasomi. Kwake noti zinasomeka kwa rangi na mnyama. "Nipe simba mbili nikupe faru," nimemsikia akimwambia muuza migebuka, na hesabu yake haikuwa na kosa. Vijana wa mjini nao wana kamusi yao: jero, buku, wekundu wa Msimbazi. Hakuna anayesema "noti ya shilingi elfu kumi" isipokuwa mtangazaji wa redio na hakimu.

Zile za 2011 sizipendi. Zimejaa sana, kama khanga iliyochapwa mara mbili, na zilipotoka watu walizisugua kwenye karatasi nyeupe wakalalamika kwamba zinachuja rangi. Sheikh Karume alipewa 500, miaka michache baadaye 500 ikawa sarafu, akaenda nayo, na nyati akamfuata upande wa pili. Mwinyi yeye alikwisha hamia kwenye sarafu ya 50 zamani, mwaka 1996. Noti zake zilibaki kwenye makopo. Mzee alifariki tarehe 29 Februari 2024. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye noti zake nazo zikafikia mwisho.

Kenya walikwenda njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inakataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote. Noti mpya zilipotoka 2019 zikawa na jengo la KICC, na mbele ya jengo sanamu ya Jomo Kenyatta amekaa, ikawa kesi mahakamani: je, picha ya sanamu ya mtu ni picha ya mtu? Nadhani swali lile lingewafaa wasomaji wa hapa kuliko majaji. Sisi katiba yetu haijahangaika na hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu 1966 waliotokea kwa uso na jina ni Nyerere, Mwinyi na Karume, na mwanamke pekee niliyempata akitazama mbele ni yule wa kwenye ngao ya taifa, mdogo kama punje ya ulezi, ameshika pembe ya ndovu. Nilipomwonyesha Bibi alimkazia macho muda mrefu. "Huyu naye anabeba," akasema, akanirudishia noti.

Zile za 20 Bibi haziiti ishirini. Anaziita pauni. Nilidhani ni neno la mzaha mpaka nilipofanya hesabu. Mwaka 1966 shilingi 20 za Tanzania zilikuwa sawa kabisa na pauni moja ya Uingereza, na dola ya Marekani ilikuwa kama shilingi 7. Yaani noti kubwa kuliko zote wakati ule, ile ya 100, ilikuwa na thamani ya dola 14. Noti kubwa kuliko zote leo, ya 10,000, ni kama dola 4. Namba imeongezeka mara mia na noti imekuwa ndogo. Neno pauni lilibaki mdomoni mwa Bibi wakati kilichokuwa ndani ya neno kimeshatoka, kama vile daladala ilivyobeba jina la dala, ile shilingi 5 ya nauli ya zamani, ambayo leo hakuna konda atakayeiokota chini.

Sasa, baraza la familia. Baba mdogo alikuwa na video kwenye simu. Eti kuna watu wananunua noti za zamani kwa mamilioni, kuna mtu aliuza noti moja ya Mwinyi akajenga nyumba. Sauti ya kwenye video ilikuwa na uhakika mkubwa na namba ya simu. Shangazi akasema benki, tena mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Mimi ndiye niliyeomba noti sita niende nazo Dar nikaulize mtu anayejua, na hivyo ndivyo zilivyofika Kariakoo.

Yule mzee alikuwa muungwana. Alinieleza kwamba noti za Mwinyi zilichapwa kwa wingi mno, na zilizochoka kama hizi anazo nyingi hata huwa anawagawia wanafunzi wanaomtembelea. Mtu wa kwenye video, akasema, hanunui noti. Anauza ada ya usajili. Halafu, labda kwa kunihurumia, akafungua jalada ambalo haliwafungulii wengi. Kulikuwa na rupia ya Zanzibar, yenye jahazi upande mmoja na wachuma karafuu upande wa pili, kutoka kwenye noti zilizoanza 1908 na kukoma 1936 shilingi ilipochukua nafasi. Kulikuwa na noti za Wajerumani za wakati wa vita vya kwanza. Meli zilizuiwa, pesa kutoka Ujerumani haikufika, wakachapa noti zao humuhumu kwa karatasi waliyoipata, na mwaka 1916 kwenye karakana ya reli ya Tabora wakafua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwishoni, 1917, walikuwa wanakimbia porini na mihuri ya mpira, wanagonga noti za rupia moja njiani. Mbaya kweli kwa sura. Anazipenda kuliko zote.

"Lakini hizi nazo zimekunjwa," nikamwambia.

"Hizi zina historia."

Sikumjibu. Alikuwa mwenyeji wangu, na chai ilikuwa imeletwa. Lakini nilirudi na jibu kwenye mkoba. Noti moja ya zile sita, ya 500, ina mikunjo mitatu ya wima na mmoja wa kulala, na kwenye makutano ya mikunjo karatasi imekatika, mwanga unapita. Bibi anajua ilivyokuja. Ilitoka kwa mfanyabiashara wa Namanyere aliyenunua maharage yake, ikakaa kwenye pindo la khanga siku mbili kwa sababu mvua ilimzuia njiani, na kwenye siku hizo mbili mtoto wa jirani aliumwa, akataka kuitoa, akaombwa na mama mtoto asiitoe kwa sababu wamepata pengine. Mtoto yule leo ni fundi bomba, yupo Mpanda. Kama hiyo si historia, basi neno limekodiwa na watu wachache.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na ule mchezo mzima wa kukusanya, pamoja na uzuri wake. Kanuni ya mkunjo inasema pesa inafikia ubora wake pale inapoacha kuwa pesa. Kwetu Ufipa tuliwahi kuwa na thamani ya aina nyingine. Wafipa walikuwa wafua chuma. Matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyeyusha mawe, na jembe lililotoka humo lilikwenda mbali kama mali. Bibi anasema mama yake aliposwa kwa majembe na mbuzi. Jembe lililolimia miaka mitano lilikuwa limeisha ncha, lakini bado lilikuwa chuma, unalirudisha kwa mhunzi. Hakuna aliyetaka jembe ambalo halijagusa ardhi. Noti haina mhunzi. Ikichoka inarudi Benki Kuu kuharibiwa, na tarehe ikipita, hata ikiwa haijachoka, ni picha.

Nilirudi Sumbawanga mwishoni mwa Machi, mvua bado zinanyesha. Nilimweleza Bibi kila kitu, pamoja na sehemu ya mamilioni ambayo haipo. Baba mdogo alinyamaza siku nzima. Bibi aliuliza swali moja tu: "Nikiwapa, watanipa hizohizo?" Nikamwambia watampa kiasi kilekile, noti nyingine. Akasema, "Kiasi sijauliza."

Usiku akazipanga mwenyewe upya. Asubuhi, Alhamisi ya tarehe 27, zilikuwa mafungu mawili: lile la benki, na zile pauni tisa kwenye kitambaa. Za 1988 na 1989, akasema, ndizo alizoweka akiwa bado analipa deni la jeneza la babu, yaani zilitoka pasipokuwa na kitu. Hizo haziendi popote. Nilimkumbusha kwamba baada ya wiki moja hazitanunua hata pipi. Akanitazama kwa jicho la kumtazamia mtoto. "Hata sasa zinanunua nini?"

Ofisi ya Benki Kuu iliyo karibu nasi iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo tulikwenda kwenye benki moja ya biashara pale mjini. Foleni haikuwa ndefu. Mbele yetu kulikuwa na mzee aliyeshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, na mama mmoja mwenye noti zilizoliwa na mchwa pembeni, na wote walikuwa na ukimya uleule wa watu waliotolewa siri yao hadharani. Binti wa dirishani alimpa Bibi shikamoo, akapokea fungu, akahesabu kwa mkono kwa sababu mashine ilizikataa. Alipofika kwenye twiga akasimama akaiangalia. Nadhani ilitoka kabla hajazaliwa. Akamwita mwenzake aje aone.

Shilingi 80,800. Wekundu nane na sarafu. Bibi alizipokea, akageuza noti ya juu, akaikunja mara mbili palepale kaunta, kisha mara ya tatu, akafunga kwenye pindo.

Nilidhani tunarudi Katandala. Akaelekea sokoni, hakuniambia tunakwenda kufanya nini. Kwa muuza vitambaa alichagua doti moja ya kitenge cha bluu iliyokoza, akaipima kwa mkono wake mwenyewe, akachagua shuka jeupe, mishumaa, na viatu vya wazi vya kahawia ambavyo alivijaribu akiwa amesimama, ameshika bega langu. Wakati wote alikuwa anapunguza bei. Muuzaji akacheka, "Bibi, harusi ni ya nani?"

"Yangu," Bibi akamjibu. "Punguza tena."

Alipunguziwa elfu tatu. Ikabaki elfu 21 na ushee, ambayo alimkabidhi shangazi jioni ile kwa ajili ya mbao, na kumwambia aulize bei ya mninga, si ya mbao za msindano, maana msindano unaoza upesi. Vitu vile vipo kwenye sanduku chini ya nguo za kanisani. Juu yake lipo kopo la Blue Band, na safari hii ukilitikisa linasikika, kwa sababu ameanza kuweka sarafu.